Kimya cha Chumba cha Mama Yako

Jumapili, 4 Februari

Mwanangu Kasuku,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa mjukuu wangu. Mimi nipo. Miguu imegoma, ila masikio bado yanafanya kazi, tena kupita kiasi.

Kuna jambo nimekuficha, na barua yako imenimaliza ujanja. Unataka fundi wa mawe achonge kwenye kaburi la mama yako "Amelala kwa amani", na unauliza kama nakubali. Kabla sijajibu, ujue hili: nilipostaafu redioni nilikuambia kanda zangu zote nimezichoma. Si kweli. Ninayo moja. Niliinasa chumbani kwa mama yako mchana ule aliofariki.

Usishtuke, haina maneno. Unaikumbuka kazi yangu. Kila tulipomaliza mahojiano niliwaomba watu wanyamaze, wasisogeze hata kiti, nikanasa kimya cha chumba. Kila chumba kina chake. Ukikata neno, unaziba pengo kwa kimya cha chumba kilekile. Ukiziba kwa kingine, msikilizaji anashtuka asijue kwa nini.

Sasa sikia. Chumba cha mama yako nimekifunga tangu mazishi. Wiki hii kimya chake kimetoka. Nimekisikia sebuleni, karibu na friji. Muuguzi anasema ni uzee. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha, Kasuku, sikosei.

Baba yako

*

Jumatano, 14 Februari

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, mjukuu wako amejifunza kupiga mluzi na sote tunajuta.

Fundi wa mawe hanipi nafasi. "Dada, amua," ananiambia. "Wote niliowachongea wana amani, na hajarudi hata mmoja kulalamika." Nilicheka, halafu nikajikuta nalia.

Baba, siku ile nilikuwa nimelazwa, nimetoka kujifungua, sikuweza kuja. Ulinipigia simu ukasema: "Amekwenda kwa amani, nimemshika mkono." Neno hilo ndilo limenipa usingizi miaka yote hii. Leo unasitasita nini? Kama si amani, ni nini basi? Utulivu? Pumziko? Wewe ndiye uliyewafundisha watangazaji kupima maneno. Nipimie na mimi. Na hiyo kanda nitumie.

Bintiyo

*

Jumatatu, 26 Februari

Mwanangu,

Natumaini hamjambo, na mluzi umepungua.

Umesema nipime. Utulivu unaonekana kwa macho: uso umelegea, shuka halijakunjamana. Nilipoingia, mama yako alikuwa na utulivu. Hilo naapa. Pumziko ni la mwili ulioacha kazi, nalo alilipata. Kimya ni cha anayesikiliza. Kipo sikioni mwake yeye, hakikuambii lolote kuhusu aliyenyamaza. Lakini amani imo ndani ya mtu, na wa nje haijui, labda awe karibu naye kabisa, anamtazama machoni.

Kuna mtangazaji mmoja nilimzuia asiseme "mji una amani", kwa sababu alichokuwa ameona ni barabara tupu. Nilimfokea mbele ya wenzake: "Sema mji uko kimya! Amani umeionea wapi?" Basi, mwanangu, siku ile na mimi niliona barabara tupu.

Kanda hii hapa, pamoja na kinasa sauti. Isikilize mchana, mumeo awe karibu.

Kimya kimefika mlangoni kwangu. Jana nilimwomba muuguzi azime feni nikisikie vizuri. "Mzee," akasema, "feni imekufa tangu Jumatatu iliyopita."

Baba yako

*

Jumamosi, 9 Machi

Baba,

Leo sikuulizi hali.

Nimesikiliza. Mwanzoni kuna friji, kuna saa ya ukutani. Halafu kijiko, kwenye kikombe cha bati. Kiharusi kilipomnyang'anya mama ulimi, hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kukuita. Nilipokuja kuwaona alikuwa akigonga, nawe unakimbia unaitika, "Naam, bosi!" naye anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kwenye kanda anagonga. Anapumzika. Anagonga tena, polepole zaidi. Hakuna anayeitika. Kisha hagongi tena.

Nikajiambia: baba aliiacha mashine ikizunguka, akatoka kwenda dukani. Hakujua. Nikashusha pumzi. Ndipo nikasikia mtu anakohoa, karibu kabisa na mlango. Kikohozi chako, baba, kile cha mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

Nimezima mashine, lakini jikoni kwangu kumebaki na kimya kisicho changu. Mtoto hapigi mluzi humo tena. Anasimama mlangoni, hataki kuingia.

Fundi nimemwambia asubiri. Ulikuwa wapi?

Bintiyo

*

Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Nakusalimu, hata kama hutaki salamu zangu. Muuguzi ananishikilia karatasi isiteleze.

Kimya kimeingia. Kipo kati ya kitanda na dirisha, na ndani yake kuna kijiko. Hakigongi. Kinangoja. Asubuhi niliitika, "Naam, bosi!" Muuguzi akadhani ni yeye, akajibu, "Bosi leo anataka unywe uji."

Nilijua mama yako anaondoka. Nikataka kubaki na kimya cha chumba chake angali ndani, nikitunze. Niliwasha mashine, nikamwomba atulie kidogo, nikatoka, nikafunga mlango. Kijiko kilipoanza nilijiambia, nikiingia nitaharibu kanda. Ndivyo nilivyojiambia miaka yote. Lakini mashine ilikuwa na kitufe cha kuizima, na kanda tupu zilijaa kabatini.

Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Kijiko kile kilikuwa kimeniita kutoka mezani, kutoka bafuni, kutoka usingizini, miezi na miezi. Mkono wake sikuushika. Niliushika baadaye, ukiwa umeshapoa, ndipo nikakupigia simu.

Mwambie fundi achonge jina lake tu. Neno lile usimwandikie, na zamu yangu ikifika, na mimi usiniandikie. Sikwenda dukani. Sikusinzia. Nilisimama koridoni, mkono kwenye kitasa. Nilimsikia, nikangoja aache.