Pazia Nililompelekea Apollo

Jinja, 9 Machi 1997

Kwako Baba Yekosofati,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote hapo nyumbani Mbale. Mgongo wako unaendeleaje na mvua hizi? Mimi binti yako ni mzima, nakula, nalala, na bado napiga chapa kwenye ile ofisi ya kompyuta. Barua yako nimeipata. Niliisoma kwa hasira.

Unanitaka niwaandikie watu wa benki kwamba pazia liliharibikia ndani ya basi, na kwamba kaka yangu Apollo hana kosa. Ngoja kwanza nikueleze pazia lenyewe, kwa sababu hukuwahi kuniuliza hata siku moja.

Ofisini kwetu wateja hungoja zamu kwenye benchi. Mtu analeta maneno ya talaka yake yapigwe chapa, na aliyekaa pembeni anayasoma yote kwenye kioo cha kompyuta. Mama mmoja wa Bugembe alifika kwake akakuta majirani wanajua anamwacha mumewe, na mume mwenyewe bado hajaambiwa! Alirudi akanilaumu mimi, akalia mbele za watu. Hapo ndipo nilianza kutafuta kitu cha kufunika kioo, ili wa mbele aone na wa pembeni aone giza tupu.

Nilichukua plastiki nyembamba zinazopitisha mwanga, nikapaka kila moja rangi nyeusi upande mmoja, nikazigandisha kwa gundi mpaka likawa bonge kama mkate. Fundi wa kiwanda cha magodoro akanikatia vipande kwa kisu chao kirefu cha kukatia sponji. Kila kipande kikawa na mistari myeusi imesimama ndani yake kama fito za ua. Ukitazama kwa mbele unapenya, ukitazama kwa pembeni fito zinakuziba. Mara ya kwanza mistari ilibanana mno, kioo kikawa cheusi hata kwangu. Nikaiachanisha, wa pembeni akaona tena. Nikaongeza unene wa kipande. Niliharibu plastiki hadi mwenye nyumba akadhani nimechanganyikiwa.

Apollo akaja kunitembelea, akala chakula changu, akaondoka na pazia zuri ndani ya begi. Huko Mbale akawaambia watu ati ametengeneza yeye! Nilikuja kwako nalia. Ukaniambia mbele ya Mama niache maneno, kwamba jina la nyumba hubebwa na mtoto wa kiume, mimi nitaolewa na akili yangu niipeleke kwa watu wengine. Uliongea kama bado ni askari wa gereza, afande anayewapa wafungwa amri. Nilichukua begi langu nikarudi Jinja. Lakini nilichokimeza siku ile, Baba, ni Mungu tu anakijua.

Kisha Apollo akaniletea habari kwamba benki wanataka kulinunua, wanakuja kuliona kwenye ukumbi wa kanisa, kioo chao ni kikubwa, nimtengenezee jingine upesi. Aliagiza kama mtu anayeagiza chapati. Nikasema sawa, kaka. Nikalitengeneza, safi kabisa, nikalituma.

Mama amenisimulia yote. Apollo alikaa kwenye kompyuta na tai shingoni, wageni kushoto na kulia, wewe kulia pamoja na wazee wa kanisa. Mkubwa wa benki akamwomba aandike neno ambalo hataki mtu alijue, waone kama litafichika. Apollo akaandika kwamba mzee wake anaamini uongo wowote anaoambiwa. Wa kushoto wakasoma. Wa kulia wakasoma. Na wewe ukavaa miwani ukasoma. Mama anasema watu walicheka hadi Apollo akadhani wanamsifu, akainuka kuwashukuru!

Sasa sikia. Pazia halikuharibika. Nililikata mistari ikiwa imelala badala ya kusimama. La namna hiyo humziba anayechungulia juu ya bega lako, lakini wa pembeni humwachia kila kitu. Nilijua Apollo atalijaribu haraka haraka, atamsimamisha mtu nyuma ya kiti, basi. Na kuligeuza asingeweza, nilishalikata kwa kipimo cha kioo. Nilifanya makusudi, tena huku naimba. Nilitaka aaibike mbele ya macho yako. Yale aliyoandika juu yako sikumtuma mimi, yalimtoka moyoni mwake mwenyewe. Niliposikia nilicheka mpaka nikashika ukuta, na msamaha siombi.

Kwa hiyo basi la abiria silisingizii. Mama aliwaambia watu wa benki mwenye kazi ni nani, wakanifuata huku Jinja. Niliwawekea pazia lenye mistari iliyosimama, wakakaa kila upande, hawakuona kitu. Mwisho wa mwezi huu wananiandika kuwa mwenye kazi hii. Waliniuliza jina, nikawapa. Wakauliza jina la baba. Nikawaambia wangoje.

Nenda mwenyewe kwa yule mkubwa wa benki, umwambie mbele ya Apollo kwamba aliyetengeneza ni binti yako. Ukifanya hivyo, jina lako litaandikwa karibu na langu. Usipokwenda, pataachwa wazi, na atakayeuliza nitamjibu kwamba mzee Yekosofati wa Mbale ana mtoto mmoja tu, anaitwa Apollo.

Mama mpe salamu nyingi, mwambie nitamletea samaki wa Masese. Apollo usimpe zozote.

Ni mimi,
Nambozo