Mama, Tumbo Lako Lilibaki Kazini

Mama,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti, hapa jikoni kwako Mwabungo, kisha nikangoja marahaba. Akili zangu nazo!

Hatujambo. Kaka Bakari ameliezeka upya banda la kuku, na paka wako amehamia kwa jirani, hana haya. Lakini si hayo yaliyonikalisha hapa. Nataka nikueleze habari ya tumbo lako, kwa kuwa hakuna mwengine wa kumwambia asidhani nimerukwa na akili.

Unakumbuka ulipokuja kazini kwangu Msambweni, nikakuonyesha ile mitungi ya kioo iliyoungwa kwa mipira? Nilikwambia hilo ni tumbo la kuigiza. Lina joto la mwili, linalishwa, na ndani yake vinaishi vijidudu vile vile vya matumboni mwetu, ili tujue chakula na dawa vinavifanya nini. Tulikuwa tukitafuta watu wenye afya watupe choo chao, tupate hivyo vijidudu. Ulicheka mpaka ukaishika meza. "Ama nyinyi wasomi mumekosa kazi! Mavi yangu leo yamepata ajira?" Halafu ukakubali. Kikopo ulikileta umekifunga kwa leso, utadhani waniletea mahamri.

Basi, mama, wewe ulipokufa, vile vijidudu vyako havikufa. Nilipotoka matangani nikarudi kazini, nilikuta mtungi wako unatoa povu, u mzima, unangoja kula. Utotoni nilikuwa nikikulalia ubavuni, nikilisikia tumbo lako likinguruma baada ya sima ya muhogo na mboga ya mchunga. Ule mtungi ulinguruma vivyo hivyo.

Na mlishaji wa mchana ni mimi.

Sasa usikie uzito wake. Ramadhani yako ya mwisho daktari alikukataza kufunga. Ulikuwa ukimeza vidonge mchana huku machozi yanakutoka, ukiniambia, "Mwanangu, nitakwenda kwa Mola na deni la saumu." Ulitumai utalipa ukipona. Hukupona. Maalim akasema mtoto aweza kumlipia mzazi wake, nami nikaanza. Ikawa nimefunga kwa ajili yako, koo limenikauka, na adhuhuri ikifika nachukua chupa ya uji wa maabara nakulisha. Nilitamani ningoje hadi magharibi, lakini wapi! Kazi yetu yote ni kutafuta kiwango kimoja. Maabara zote za mradi, za hapa na za ng'ambo, zilishe uji ule ule, saa zile zile, ndipo matokeo yalinganike. Ukichelewesha mmoja umewaharibia wote. Basi nasema bismillahi, nakulisha, na moyo unaniuma. Hivi deni nalilipa ama naliongeza?

Nilimuuliza Maalim. Akanitazama kwa huruma, akasema kilichomtoka mtu akiwa hai si maiti yake, hakifungi wala hakili, nami niende nikapumzike. Mwanasha, mwenzangu wa kazini, naye akajaribu kunituliza, eti mtoto hupata vijidudu vyake vya kwanza kwa mamake, kwa hiyo ningali nawe tumboni. Nilimfokea. Sikutaka vijidudu, nilimtaka mama. Nimeshamuomba radhi.

Kisha ukaja uamuzi. Maabara zote zitumie mchanganyiko mmoja uliotoka kwa watu wengi, badala ya kila mahali kuwa na mtu wake, maana tumbo la Mwabungo na la Ulaya hayafanani hata ukiyalisha sawasawa. Mitungi ya zamani izimwe siku moja, na kila kilichomo kichemshwe kwa mvuke hadi vijidudu vife, pamoja na akiba iliyogandishwa. Niliposikia tarehe nikajibana, nikafunga mfululizo, ili deni lako liishe kabla hujazimwa. Bakari akasema nimekonda kama ufito. Na ndiyo, niliwaza kukificha kichupa kimoja cha akiba yako iliyoganda. Nani angejua? Nilikishika mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikakirudisha mahali pake.

Siku yenyewe ilinikuta na saumu moja tu ya kulipa, na ndiyo niliyokuwa nimeifunga. Nilifika nikiwa nimeshajiandaa kukulisha mara ya mwisho. Mwanasha akanizuia. Kanuni ya kuzima yasema mtungi usipewe kitu tangu alfajiri, vipimo vya mwisho vichukuliwe ukiwa mtupu. Mimi sikuwa nimeijua hiyo.

Adhuhuri nilikaa mbele yako mikono mitupu. Wewe huli, mimi sili. Ulinguruma kidogo, ukanyamaza. Alasiri nikazima joto, nikakumimina katika chungu cha mvuke, nikakifunga kwa mkono wangu. Sikumwachia mtu. Nililia kwa sauti, na Mwanasha akaniacha nilie.

Nenda salama, mama yangu. Huku hakuna tena kitu chako kinachodai chakula. Nikisikia mngurumo kule kazini nitajua ni wa watu wengine, sitageuka. Na nakuahidi, kila nitakapofuturu maadamu niko hai, dua yako itatangulia tende. Mara ya kwanza ulituondokea ukililia saumu. Mara hii, mama, umeondoka umefunga.

Mwanao,
Mwanahamisi