Baada ya Amina

Kiseke, Mwanza
Jumapili mchana

Mdogo wangu Bahati,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Mama mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, na umtazame goti lake kwa macho yako, maana nikimuuliza mimi kwenye simu anasema limepona. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Najua utacheka, dada yako kuandika barua zama hizi. Kosa ni la simu yako. Ukipokea tu unaweka spika, na nyumba nzima inasikiliza, hadi wapita njia. Haya nataka uyasome peke yako, kwa hiyo nimempa mtu anayesafiri kuja Songea.

Ujumbe wako uliponifikia nililia kwa furaha. Unabatizwa, na unataka mimi niwe msimamizi wako! Kesho yake nilimwomba bosi likizo, akanipa, nikapita sokoni nikanunua kitenge cha siku hiyo. Jioni nikausoma tena taratibu, nikaona maneno ya mwishoni niliyoyaruka: kwamba wenzako wa chama wamekushauri uwahi kubatizwa kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu mtu asiye na dini hachaguliki.

Bahati, ngoja nikusimulie yaliyonipata huku.

Unajua hapa Mwanza sina ndugu. Ndugu zangu walikuwa wanajumuiya wenzangu, tunaosali kila Jumamosi nyumba kwa nyumba kwa zamu. Nilinunua viti vya plastiki kumi na viwili kwa ajili ya zamu zangu. Mwenyekiti wetu wa mtaa naye alianza kuja, uchaguzi ulipokaribia. Nasikia Ijumaa kwa jirani zetu Waislamu huwa anavaa kofia na dua zake ni ndefu zaidi. Kipaji cha kusali anacho, sikatai. Anafumba macho, sauti inatetemeka, akina mama wanatoa leso. Lakini nikaja kugundua kitu: kila akiulizwa swali, anasali.

Huku tunakaa mlimani, kwenye mawe. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwa fujo. Mtaro wetu ulibomoka, ukuta wa jiko la jirani yangu Mama Neema ukaenda na maji. Kwenye mkutano wa mtaa akaulizwa habari za mtaro. Akasema, "Ndugu zangu, jambo hili tulikabidhi kwa Mungu," akatuinamisha vichwa. Tukaitikia amina, tukatawanyika. Mkutano wa pili vilevile. Nani atamkatisha mtu anayezungumza na Mungu?

Zamu yangu ilipofika akaja na kreti mbili za soda. Mama Neema akauliza tena mtaro. Mwenyekiti akafumba macho. Nilisubiri hadi mwisho, nikaitikia amina kwa sauti, kisha nikasema, "Mwenyekiti, sala tumeisikia, ahsante. Sasa baada ya amina, mtaro unachimbwa lini?"

Akatabasamu, akasema, "Dada Tekla, acha tuiombee imani yako." Bahati, alitaka kufumba macho tena! Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Aliyesimama wa kwanza ni Mama Neema huyo huyo. "Aah, Tekla bhana, Mungu hachekwi!" Wengine wakamfuata. Soda zenyewe walizibeba wakaenda kuzinywea nyumba ya pili.

Tangu siku hiyo zamu inairuka nyumba yangu. Inatoka kwa Mama Neema inakwenda kwa jirani wa upande wa pili, mimi wa katikati nasikia nyimbo kushoto na kulia. Viti vimepangwa kimoja juu ya kingine karibu na mlango, nakula nikivitazama. Jumapili iliyopita nilipanda gari hadi Busisi kuangalia daraja, kwa kukosa wa kumtembelea tu. Nikapiga picha ya ziwa, nikakaa na simu mkononi nisijue nimtumie nani. Upweke ni mbaya, mdogo wangu. Kuna siku nakaribia kwenda kumwomba yule bwana msamaha.

Lakini kwa kosa gani? Mimi bado nasali, asubuhi na jioni. Ninachokataa ni sala kutumika kuwafunga watu midomo. Bosi wangu dukani ni Mhindu. Anafukiza udi mbele ya picha zake nyuma ya kaunta, akimaliza anafungua duka, na sijawahi kumsikia akimuuliza mteja anasali wapi kabla ya kumuuzia saruji. Kiongozi nami namtaka wa namna hiyo. Imani yake aiweke moyoni, mtaro auchimbe.

Wewe ulikuwa hivyo tayari. Pampu ya kijiji ilipoharibika, ulishinda kisimani siku tatu na mwalimu wa madrasa na katekista, wote matope hadi kiunoni, na foleni ya ndoo ikawa moja. Sasa ukibatizwa wiki mbili kabla ya kura, mwalimu wa madrasa atakuonaje? Katekista mwenyewe atakuamini? Na siku pampu ikifa tena, watu wakakuuliza, utagundua jinsi ilivyo rahisi kusema "tuombe" na vichwa vyote vikainama. Hilo naliogopa kuliko kushindwa kwako.

Baba hakutaka ubatizwe ukiwa mtoto. Alisema utaamua mwenyewe ukikua. Basi amua. Ukiniambia unamtafuta Mungu, nitakuja nikuwekee mkono begani mbele ya altare, na nitalia tena. Kama ni kwa ajili ya kura, mdogo wangu, sitakusimamia, na hujui inavyoniuma kuandika hivyo.

Wifi mwambie karanga zake nilizimaliza kwa siku mbili. Shangazi anayemwangalia mama mpe pole na ahsante. Mafundi wenzako wa pampu, wote wawili, wasalimie kwa heshima ileile. Mama usimsomee habari za viti.

Likizo ninayo na kitenge kimeshashonwa. Ukigombea ulivyo, hata ukikosa kura zote isipokuwa ya wifi, nakuja tukae pamoja. Niambie tu unaniitia nini.

Dada yako anayekukumbuka,
Tekla