Uzi Ulijisokota Mbele ya Wakwe, Nikamsingizia Mke Wangu

Shangazi Atuganile, shikamoo. Nakuandikia unisaidie haraka kabla sijarudi kuchekwa mara ya pili, na jina langu usilifiche maana Iyula nzima, kijijini kwa wakwe zangu, wameshajua. Mimi ni Shadrack, fundi breki wa malori hapa Tunduma, na mwezi uliopita dereva mmoja Mzambia niliyemtengenezea lori lake akawahi kuvuka mpaka siku ileile alifurahi mno, akanishukuru kwa Kibemba, "Natotela sana, fundi," akafungua sanduku lake akanipa fimbo ya kuvulia samaki pamoja na rili yake, na si rili zile za kawaida, hii inakaa juu ya fimbo, ina bobini ya kukunjia uzi inayozunguka yenyewe unaporusha na wewe unaizuia kwa dole gumba, kitu cha kisasa kabisa, ila haikuwa na uzi.

Sasa shangazi, mimi sijawahi kuvua hata dagaa, lakini nilitazama video kwenye simu wiki nzima nikaona ni jambo la mkono tu, nikaenda dukani nikamwambia muuzaji anipe uzi wenye nguvu kuliko wote, akanipa wa kusukwa, mwembamba kama unywele, akasema huu unavuta hata tela, nikaujaza mpaka bobini ikafurika, halafu nikampigia simu baba mkwe, mzee Rubeni, nikamwambia Jumamosi nakuja, waambie mashemeji waache vijiti vyao nyumbani, nitawaonyesha watu wanavyovua.

Kuna bwawa la kunyweshea ng'ombe chini ya shamba lake la kahawa, lina perege na kambale. Tulifika mimi na mke wangu Loisi, tukakaribishwa chakula, kisha watu wakajipanga ukingoni, hadi mama mkwe alikuja na kigoda chake akakaa kwa mbali, nikasimama nikarusha kwa nguvu zangu zote, na shangazi, chambo kilianguka hatua tatu mbele yangu, na kwenye rili uzi ukawa umefumuka na kujisokota bonge zima, nikivuta unazidi kukaza, shemeji yangu Lwitiko akauliza, "Shemeji, ndivyo watu wanavyovua?" wote wakaangua kicheko, isipokuwa mzee Rubeni, yeye aliendelea kuvua kwa mwanzi wake akatoa perege wa pili.

Nikapandwa na hasira. Nikamgeukia Loisi nikasema mbele ya wote, "Ni wewe, umeichezea hii mashine nyumbani." Akajibu taratibu, "Shadrack, nimeifuta vumbi tu." Nikamwambia, "Ndiyo hivyo hivyo. Kwenu mmezoea jembe, vitu vya kisasa mnaviharibu." Jioni nilipowasha pikipiki Loisi hakupanda, na hii ni wiki ya tatu yuko kwa wazazi wake, mimi nakula kwa mama lishe.

Na nikiri tu, kesho yake nilijaribu peke yangu nyuma ya gereji kwa uzi uliobaki, ukajisokota vilevile, na Loisi hayupo. Kwa hiyo swali langu ni hili, shangazi: ninunue uzi gani, ili nirudi Iyula nitoe samaki mkubwa mbele yao haya mambo yaishe? Nakuwekea na namba ya Loisi ukitaka kuhakikisha kwamba sijaongeza chumvi.

Shadrack, Tunduma

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba, Shadrack. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaweka miwani pembeni. Mara ya pili sikucheka.

Kabla ya kuandika ukurasa huu niliuza nyavu na mishipi Kamsamba miaka kumi na moja, kwa hiyo umebahatika, utajibiwa na mtu anayejua. Wanaume wa aina yako nimewahudumia wengi. Wanaingia dukani kifua mbele, hawaulizi kipi kinamfaa anayeanza, wanauliza kipi kina nguvu kuliko vyote. Muuzaji kakuambia uzi unavuta tela. Ulikuwa unakwenda kuvuta tela, bwana fundi? Perege wa bwawa la ng'ombe ana uzito gani?

Uzi wa kusukwa si mbaya, ila si wa mtu anayejifunza. Ni mwembamba na unateleza, ukivutwa unazama katikati ya mizunguko mingine, na ukijisokota huwezi kuufumua, unachukua mkasi. Wewe ukaongeza la pili, ukaijaza bobini mpaka ikafurika. La tatu ukarusha kama unatupa jiwe, dole gumba likiwa limelala. Baada ya hayo yote ukamtafuta mchawi, ukampata mkeo.

Haya, sikiliza. Nunua nailoni ya kawaida, ule uzi mmoja usiosukwa, wa kubeba kilo sita au saba. Ni mnene kiasi, unauona kwa macho, haufumuki upesi, na ukijisokota unaufungua kwa vidole. Tena bei yake ni ndogo, kwa hiyo ukiuharibu, na utauharibu, unakata unaweka mwingine bila kutafuta wa kumlaumu. Unapoukunja kwenye bobini, upitishe kwenye kitambaa kibichi ulichokibana kwa vidole, ukae umekaza, na uache ukingo wazi kama milimita tatu. Pembeni ya rili kuna skrubu. Funga chubwi, ile risasi ya kuzamishia, uiachie ining'inie, kisha kaza skrubu mpaka chubwi ishuke polepole na bobini isimame mara chubwi inapogusa chini. Rusha kwa upole. Dole gumba liguse bobini muda wote, na libane kabla chambo hakijagusa maji. Jifunze hivyo wiki mbili kwenye uwanja mkavu, bila ndoano na bila kuita ukoo wa mtu kuja kutazama.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya swali lako. Ile nyingine hukuiuliza, ukaichomeka mwishoni kama kitu kidogo.

Ulinipa namba ya Loisi, nikampigia. Hakulia wala hakukutukana. Alisema, "Shangazi, mimi sina habari na uzi. Kilichoniuma ni kwamba mtu aliyesema kwenu mmezoea jembe alikuwa ametoka kula chakula cha mama yangu, na mama alikuwa anamsikia. Nasubiri aje aseme palepale kwamba sikuharibu kitu."

Nikamuuliza, "Na akija na samaki mkubwa?"

"Atamla mwenyewe," alisema.

Akaniambia na jambo jingine. Baba yake aliuona uzi wako tangu ulipoutoa kwenye begi, akajua hautafika popote. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kumwaibisha mkwe wake mbele ya vijana. Umesikia, Shadrack? Mkulima wa kahawa mwenye mwanzi mkononi alikulindia heshima yako, na muda huohuo wewe ulikuwa unamvua nguo binti yake.

Kinachonichefua zaidi si yale uliyosema ukingoni. Hasira ya aliyechekwa naielewa, hata mimi nimewahi kuchekwa. Kinachonichefua ni kile cha nyuma ya gereji. Kesho yake tu ulijua kwamba Loisi hana kosa, ulijua kwa macho yako, na wiki tatu zikapita hujapiga simu wala hujapanda pikipiki. Umekaa kula kwa mama lishe huku ukichagua uzi! Kama na breki ungekuwa unazitengeneza hivyo, ukishajua palipoharibika unapaacha, barabara ya Vwawa isingepitika kwa ajali.

Sasa fanya hivi. Jumamosi hii nenda Iyula. Fimbo na rili viache gereji. Usinunue samaki njiani na usitume mtu akutangulie kukuombea. Mwombe mzee Rubeni awaite walewale waliokuwapo siku ile, pamoja na mama mkwe na Lwitiko. Simama, useme, "Loisi hakuharibu kitu. Mimi ndiye sikujua, nikamsingizia, nikawatukana na ninyi. Nisameheni." Ukimaliza, funga mdomo. Usianze kuwaeleza nailoni na uzi wa kusukwa. Lwitiko akicheka, acha acheke. Loisi akikubali, rudi naye. Akisema bado, mwambie sawa, waage wazee kwa adabu uondoke, na Jumamosi inayofuata uende tena.