Kopo la Vifungo na Asilimia Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Simu ya Mama imebadilishwa betri leo. Ile ya zamani ilivimba mpaka kioo kikanyanyuka upande mmoja, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Tuliipeleka kwa fundi wa kibanda cha kituoni. Watu wanamwita Dakika Tano, kwa kuwa kwake kila kazi ni ya dakika tano. (Nilitazama saa. Kumi na nne.) Betri aliyoweka haikutoka kwa watengenezaji wa simu, lakini alisema haina tofauti, dada, hizi ni pacha.

Mama akadai ile kuukuu. Dakika Tano akacheka — ya nini hiyo? Mama akamjibu kilichotoka ndani ya simu yake ni chake. Mama ni fundi cherehani. Hatupi kitu, hata zipu iliyong'oka meno. Aliiviringisha kwenye kitambaa akaitia kwenye kopo la vifungo.

Na sasa habari yenyewe! Mwalimu wa sayansi aliniita leo. Nimechaguliwa kufanya mtihani wa kuingia shule ya sayansi na ufundi, ile ya bweni. Unafanyika kwa simu, Jumamosi ya tarehe 15, saa tisa alasiri. Sehemu mbili, kamera ikiwaka muda wote. Nimeandikishwa kwa namba ya Mama, na haufunguki kwenye simu nyingine. Simu ikizimika katikati, basi. Hakuna kurudia. Nikasema ndiyo, Mwalimu, kwa sauti ya kawaida, huku roho iko juu juu.

Jumanne, 4 Machi

Simu inasinzia! Mama anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena — halafu vitu vitatu vinafunguka kwa pamoja. Bibi harusi anayeshonewa na Mama alituma picha ya gauni analolitaka. Picha ilifunguka kuanzia juu, kidogo kidogo. Tuliona shingo, tukangoja kiuno.

Mama anasema imekuwa kama yeye akiamshwa alfajiri.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu alitufundisha: andika ulichokiona, kisha andika unachofikiri, na usivichanganye. Haya.

Nilichokiona: Kikokotoo kinachukua sekunde tisa kufunguka. Kamera, kumi na saba. Nimepima mara nne kwa saa ya ukutani. Chaji ikifika asilimia thelathini simu inazimika. Pap! Bila onyo. Imefanya hivyo mara tatu, na mara zote ni thelathini. Ikichajiwa huku inatumika inapata joto, na hapo inakuwa nzito zaidi.

Ninachofikiri: Sijui.

Hilo "sijui" limenikaa vibaya. Mtihani ni dakika sabini na zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerudi kibandani. Dakika Tano hata hakuifungua. Alisema tufute picha, simu imeshiba. Mama akamwambia alishafuta. Basi akasema simu imezeeka, mama, siku hizi watu wananunua mpya.

Mama: "Jumatatu ilizeeka? Iliingia hapa kijana, ikatoka kikongwe. Kwa dakika tano!"

Waliokuwa wakingoja pembeni waliangua kicheko. Dakika Tano naye alicheka, nadhani kwa aibu. Njiani Mama hakucheka. Alisema rahisi ghali, na kosa ni lake. Nilimwambia si lake.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nitaandika mengi. Mkono unauma tayari na sijaanza.

Mwalimu alituelekeza kwa mama mmoja mwenye chumba nyuma ya duka la vitabu. Anaitwa Bi Lenzi, kwa sababu ya miwani yake na kwa sababu ya darubini ile ya mezani ya kutazamia vitu vidogo. Chumba ni kidogo, kisafi. Kila skrubu ina kijisahani chake. Nilimwona Mama akikitazama chumba na kukikubali.

Tulimwamkia. Hakuuliza bei ya simu wala ilinunuliwa wapi. Aliuliza ilianza lini kutembea badala ya kukimbia. Nikampa karatasi yangu, ile ya nilichokiona. Aliisoma yote. Akaisoma tena!

"Nani kaandika?"

"Mimi, shikamoo." (Nilishamwamkia. Nilibabaika.)

"Marahaba mara ya pili. Umeniokolea nusu siku, mwanangu."

Kisha akaifungua simu na kutueleza. Nitajaribu kuandika kama alivyosema. Simu haiumwi. Simu na betri huwa zinazungumza! Kwenye kichwa cha betri kuna kijiubao chembamba kama ukucha. Hicho ndicho kinachoiambia simu: nimebakiwa na kiasi hiki, nina joto hili, nina umri huu. Kijiubao cha hii betri ngeni simu haikielewi, na pale inapokielewa, kinadanganya. Kinasema thelathini wakati tumbo ni tupu.

Basi simu inaogopa. Inajua kwamba ikikimbia ghafla, na betri ikashindwa kutoa nguvu, itazimika palepale. Kwa hiyo inajizuia. Inachagua kutembea.

Nikasema, "Mwenda pole hajikwai."

Bi Lenzi akaweka bisibisi chini. "Hiyo hiyo! Miaka yote naeleza wateja, sijawahi kuisema vizuri hivyo."

Lakini mimi nilikuwa nimeduwaa. Wiki nzima nimekasirikia kitu ambacho kilikuwa kikijitahidi kisianguke. Kuna mtu, mahali fulani, kabla simu hii haijatengenezwa, alikaa akawaza: siku moja itachoka, nitaifundishaje kujihurumia? Akaifundisha! Na inakumbuka, mezani kwa Mama, katikati ya nyuzi.

Kisha akaniambia nitazame kwenye darubini.

Sijui niandikeje. Njia za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, zinapinda pamoja, zinatengana, hazigusani hata mahali pamoja. Vijisanduku kama punje za mchanga, vimepangwa kwa mistari. Miaka yote kitu hiki kilikuwa kwenye pochi ya Mama pamoja na chaki na tepu ya kupimia.

Mama naye akainama kutazama. Alikaa muda mrefu. Mama, ambaye hulikosoa kila gauni analokutana nalo njiani! Halafu akauliza polepole:

"Nani kashona hii?"

Bi Lenzi hakumcheka. Alisema ni mashine, dada, lakini aliyechora ni mtu.

Dawa ipo. Anaweza kukata kijiubao cha betri ile ya asili na kukiunganisha na betri mpya iliyo nzima. Simu itasikia sauti inayoijua. "Shida," akasema, "ni kwamba ile ya asili watu huwa wameshaitupa."

Mimi na Mama tukatazamana.

Kopo la vifungo!

Jumatano, 12 Machi

Bi Lenzi alifungua kitambaa, akaiona betri ilivyovimba kama mto, akarudi nyuma hatua moja.

"Dada. Hii ilikuwa wapi?"

"Juu ya kabati. Ndani ya kopo."

"Kopo la bati? Pamoja na vifungo vya chuma? Unalala chumba hicho hicho?"

Kila swali Mama alikuwa mdogo zaidi. Alipoulizwa la mwisho alikuwa kama mwanafunzi aliyekutwa na kitabu cha mwenzake. Bi Lenzi alimweleza kwamba kama kifungo kimoja kingepenya kitambaa na kugusa pabaya, kopo lingewaka moto. Mshukuru Mungu, na umshukuru aliyefuma hicho kitambaa. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba ni pamba nzito, haipenyeki. Niliangalia dari nisicheke. Baadaye niliogopa, maana kabati liko juu ya kichwa changu.

Yaani kosa lile lile la kuweka kila kitu ndilo lingetuunguza, na ndilo limetuokoa. Sijui hata niliweke upande gani wa karatasi.

Nilipewa kazi ya kushika taa. Niliambiwa nisitingishike. Bi Lenzi alikata kijiubao huku ndoo ya mchanga mkavu ikiwa miguuni pake. Hapumui anapokata — anapumua kati ya mkato na mkato, kama mpiga mbizi. Betri ile ikaenda mchangani. Kijiubao kikabaki kwenye ncha ya kibano, chepesi, kama gamba la samaki. Umri wote wa betri uko mle! Akakiunganisha na betri mpya. Cheche moja ya bluu, ndogo mno. Kisha akachomeka kidude kingine cha kukiambia kijiubao kwamba sasa kina mwili mpya, kiache kujiona mzee.

Simu ikawaka. Kikokotoo: sekunde moja!!

Mama alipiga makofi mara moja tu, kisha akajishika mikono.

Lakini Bi Lenzi alisema tusubiri. Nimekifundisha, alisema, sijui kama kimeelewa. Bado hakijui tumbo jipya lina ukubwa gani. Tujaze chaji hadi mwisho, tuimalize kabisa, tujaze tena. Baada ya hapo ndipo tutajua kama ile thelathini ni ya kweli. Na siku ya mtihani nisichaji huku natumia. Joto litaifanya ijihurumie tena.

Nilipoaga aliuliza nikimaliza shule nataka kuwa nani. Nikasema sijui bado. Si kweli. Tangu Jumatatu najua.

Ijumaa, 14 Machi

Hatujaimaliza chaji. Jana ilifika thelathini na nne, bibi harusi akapiga, Mama akachomeka waya haraka. Leo imefika thelathini na sita, akapiga tena. Simu hii ndiyo mkono wa pili wa Mama, siwezi kumwambia asipokee.

Kwa hiyo hatujawahi kuvuka thelathini. Hakuna ajuaye kilichoko ng'ambo.

Mama kanifulia sare, ingawa mtihani ni wa hapa hapa nyumbani. Anasema kamera ina macho.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tisa na dakika arobaini na moja. Naandika kwa penseli, haraka. Ni mapumziko ya dakika kumi kati ya sehemu ya kwanza na ya pili.

Sehemu ya kwanza imekwisha. Nadhani vizuri. Maswali mawili sina uhakika nayo, lile la vioo na lile la uwiano. Simu haikusinzia hata mara moja! Kila swali lilifunguka kabla kidole hakijanyanyuka.

Lakini nilianza na sitini na nne. Asubuhi bibi harusi alitaka kuona gauni kwa kamera, mbele, nyuma, pindo, tena mbele. Kisha tukachaji hadi saa tisa kasoro kumi, nikachomoa ili ipoe. Kamera ya mtihani inakula. Sasa ni thelathini na tatu.

Mama amekaa kwenye cherehani lakini hakanyagi pedali, ili mlio usisikike. Sindano iko juu, uzi umening'inia. Ana gauni jeupe mapajani tangu saa tisa na hajashona hata mshono mmoja.

Swali la sehemu ya pili limeshatokea, ili tulifikirie. Ni moja tu. "Eleza kitu kimoja ulichokitazama kwa makini wewe mwenyewe. Uliona nini? Unafikiri kwa nini?"

Nimecheka kwa sauti. Mama kanyanyua nyusi — nini? Nimemwonyesha kwa kidole: simu. Hajaelewa. Nitamweleza baadaye.

Thelathini na mbili.

Siogopi. Nashangaa. Kama simu inaogopa, najua inaogopa nini. Nimekaribia kuizungumzisha.

Nitaanza na kioo kilichonyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Nilichokiona kwanza. Ninachofikiri baadaye.

Thelathini na moja. Dakika mbili.

Mama kasogea nyuma yangu, mahali kamera haifiki. Kalishusha kopo la vifungo kutoka juu ya kabati, kalikumbatia. Vifungo vimelia kidogo ndani, kisha vikatulia.

Thelathini.

Bado inawaka.

Bado inawaka. Kitufe cha kuanza kimekuwa kijani, Mama kanigusa bega, naweka pense