Nimesomewa, Nimeelewa

Kilakala, Morogoro
Jumapili

Kaka Mansuri,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui kama wakati wa mfungo. Wifi Mwanaasha hajambo? Mwambie tangawizi aliyoniagiza ipo, natafuta mtu wa kumpa aje nayo. Sisi huku tunapumua. Mawingu yalifunika milima wiki nzima, leo ndiyo imejitokeza. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu tunagombana kabla sijafika nusu ya habari, na hii nataka uisikie mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka jana nilichukua ukarani Dakawa, kuandika mahudhurio ya watu waliokuwa wakijengea mawe mifereji ya mpunga. Walikuwa ishirini na mmoja, wengi wa Mlali na vijiji vya juu milimani, na mimi wa ishirini na mbili. Tulichukuliwa na wakala mmoja wa ajira. Mkataba wake, wa Kiingereza kitupu, haukutuita wafanyakazi, ulituita wakandarasi. Kaka, mtu ana mwiko, karai na ndala, anaitwa mkandarasi! Wanampa cheo hicho ili siku akidai aambiwe yeye ni kampuni, na kampuni husubiri. Kazi iliisha Novemba. Kila mmoja alidai laki sita. Mpaka Mei hakuna aliyeona hata senti.

Unanijua. Niliandika. Makala nne gazetini, na mtandaoni sijui ngapi. Niliwaita wanyonyaji, nikakumbusha manamba wa mashamba ya mkonge enzi za mkoloni, nikauliza kama uhuru ulikuwa wa bendera tu. Watu walinipongeza sana. Wakala hakujibu hata salamu.

Aliyetutoa hapo ni Scholastika, tunayemwita Mama Lucy. Analima karoti na njegere huko juu, na kule Dakawa alikuwa akibeba mawe. Hajui kusoma. Bintiye Lucy alipata nafasi chuo cha uuguzi, na ada isipofika mwisho wa Juni nafasi inapewa mwingine. Mama Lucy hakuandika popote. Kila Jumatatu alishuka mlimani, akaingia ofisi ya wakala pale mjini, akamsalimia Salum, msimamizi wao, akamuuliza watoto wameamkaje, kisha akauliza lini. Salum akisema wiki ijayo, anamshukuru, na wiki ijayo yupo. Nilimwambia anabembeleza wezi. Akanijibu kwamba makala zangu ni nzuri, ila Salum hasomi magazeti.

Alikwenda wiki kumi na moja. Ya kumi na mbili Salum alichoka, akakubali tukae mbele ya msuluhishi, na atakaloamua lifuatwe.

Jumanne iliyopita tulikaa. Salum alikuja na jalada na tabasamu. Alimwambia msuluhishi kwamba wote tulishalipwa, akatoa fomu za Kiingereza, kila moja ina dole gumba. Mwinshehe, fundi wetu wa mawe, akaruka kitini: "Kumbe nimelipwa! Hela zenyewe nimezila lini, mbona sijashiba?" Watu wakaangua kicheko. Salum akangoja wamalize, akaonyesha chini ya kila fomu, palipoandikwa kwa kalamu: Nimemsomea kwa Kiswahili, ameelewa. Kando yake kuna sahihi. Sahihi ni yangu, kaka. Zote ishirini na moja.

Mama Lucy akainua mkono. Aliomba karatasi isomwe sasa, kwa sauti, wasikie walichokubali. Msuluhishi akanipa mimi, kwa kuwa ndimi niliyeandika kwamba niliisoma. Nikaifasiri: aliyeweka dole hapa amepokea haki zake zote na hatadai tena. Hakuna aliyecheka. Salum alijiegemeza kitini kama mtu anayejua kwamba mwandishi wa magazeti hatajivua nguo mbele za watu.

Nikasema sikuwasomea. Nilirudia, ili msuluhishi aandike.

Msuluhishi akazitupilia mbali fomu ishirini na moja, akaagiza walipwe ndani ya siku tatu. Ya kwangu ikabaki, kwa sababu Kiingereza nakijua na nilisaini mwenyewe. Mimi sitalipwa, na sidai.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Siku ile Novemba, Salum aliniita msomi wetu, akaniwekea rundo la karatasi, akasema ni uthibitisho wa mahudhurio. Nilikuwa kwenye simu, namjibu bwana mmoja aliyenishambulia mtandaoni kuhusu haki za wafanyakazi. Niliandika sentensi aliyonitajia Salum, nikasaini zote bila kusoma mstari. Januari nikasoma nakala yangu. Kuanzia siku hiyo nilijua kwa nini hatulipwi, na makala zote zile niliziandika nikijua. Nilipiga kelele ili nisiulizwe. Baba aliwasomea watu barua mtaa mzima, hata za talaka, bila kuruka neno, na mimi mwanawe nikaandika nimesoma.

Kumbe Mama Lucy alijua. Lucy alimsomea nakala yao Januari hiyo hiyo. Nilipomuuliza kwa nini hakunitaja, alisema kwamba akisema yeye, ni maneno ya mwenye njaa, nikisema mimi, karatasi imekufa. Nikamuuliza kama alikuwa na hakika nitasema. Akasema hapana, kila Jumatatu alishuka mlima akiogopa. Wiki kumi na mbili, kaka! Aliweka chuo cha mwanawe juu ya ulimi wangu, na ulimi wangu anaujua. Nimesoma vitabu vingi vya watu mashujaa. Sijawahi kukaa karibu na mmoja nikasikia anavyopumua.

Ijumaa alikuja kwangu na Lucy kunijulia hali. Simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Lucy akanyoosha mkono kuipokea, mama akaipitisha mbele yake akanipa mimi. "Nisomee, Da Yasmin. Usiruke." Nikamsomea kumbukumbu namba, tarehe, saa, laki sita, mpaka makato. Alifumba macho akasikiliza hadi nukta.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulipake mafuta ya moto kila jioni. Ukitaka kunigombeza una haki. Ila uandike, usipige. Nitaisoma yote.

Ni mimi mdogo wako,
Yasmin