Kilango cha Chuma na Vidonge vya Wifi

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanigombeza, mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na miaka sita iliyopita nilipasuliwa moyo nikawekewa kilango cha chuma cha kupitishia damu, Mungu ni mwema, nikapona, ila kinagonga tik tik mpaka ibadani watu wakinyamaza jirani yangu hutazama saa yake. Tangu hapo nakunywa warfarini ili damu isigande, na kila mwezi lazima nifunge kazi niende kliniki wanidunge, wapime damu imekuwa nyepesi kiasi gani, na mboga za majani nile kwa kipimo kilekile, maana hupunguza nguvu ya dawa. Nimechoka, mshauri. Nikamwomba Mungu aniondolee sindano ile, na kesho yake wifi yangu, ambaye damu ilimgandia mguuni mwaka huu, akaja kupunguziwa gauni, akasema, "Wifi, wewe bado na dawa za mabibi? Mimi vidonge vyangu vya kisasa, sipimwi kila mwezi, na mboga nala nitakavyo!" Akanigawia vyake, nikavipokea kama jibu la sala. Leo siku ya nne navimeza, warfarini nimeificha kwenye kopo la vifungo, na mume wangu akiuliza, "Mama, umekunywa dawa?" naitikia ndiyo, lakini siwezi kumtazama machoni. Je, nimekosea?

Fundi wa Tik Tik

Dada yangu fundi, umekosea, na nimekuhurumia, maana kuchoka si dhambi. Lakini wewe ungeshona turubai kwa uzi wa hariri kwa kuwa ni mpya? Vidonge vya wifi vinaufaa mguu wake. Kwenye kilango cha chuma havikingi vya kutosha: damu inaweza kugandia pale, kipande kikakimbilia kichwani, ukapooza. Warfarini ina masharti kama mama mkwe, ila ndiyo inayokilinda.

Funga cherehani sasa hivi, nenda hospitali na dawa zote mbili, useme ulimeza nini na lini. Usizichanganye, wala usijirudishe mwenyewe kwenye ile ya zamani, akurudishe daktari. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hiyo ni dharura, usingoje hata dakika. Na wifi naye amejipunguzia dozi, aende kwa daktari wake. Mume mchukue akusindikize, umweleze njiani.

Sala yako ilijibiwa miaka sita iliyopita, na jibu lenyewe linagonga kifuani mwako. Acha jirani aendelee kutazama saa yake.